Akikatizwa Njiani Atakuwa na Nini Mkononi? Mhadhara kwa Wazazi na Vijana wa Mashuuru

Nyinyi vijana mliojibanza kule mlangoni, sogeeni mbele, maana habari ya leo ni yenu kuliko ya sisi wenye viti.

Nitaanza na msimamo wangu ili asiyekubaliana nami apate muda wa kunitayarishia maswali. Familia ya wafugaji yenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne haina haja ya kukesha ikibishana kama ufundi unaishinda digrii au digrii inaushinda ufundi. Iulize hivi: mtoto huyu akikatizwa njiani, atakuwa na nini mkononi? Masomo yapangwe kama safari yenye vituo vya kushukia, na kila kituo kiwe mahali pa kufanya kazi na kulipwa, kisha mwenye kutaka kuendelea apande tena. Ziko kazi zisizo na vituo vya namna hiyo, na nitazitaja. Lakini nyingi zinavyo, nasi tunavipita kwa sababu ya haraka na kwa sababu ya aibu. Hiyo aibu nitaizungumzia kwa kirefu.

Hesabu kwanza. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya mwaka 2024 yalitangazwa Januari 9, 2025. Watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya kuingilia digrii moja kwa moja, walikuwa 246,391. Mwaka uliotangulia walikuwa 201,133 kati ya 899,453. Kwa hivyo katika kila watoto wanne, mmoja tu ndiye anayegongewa mlango na chuo kikuu, na huyo mmoja ndiye tunayemzungumzia harusini na matangani kila Januari. Wale watatu tunawauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe umeamua kufanya nini?" kana kwamba wamefiwa.

Mwenye C- anaweza kuingia kozi ya diploma. Mwenye D anapokelewa katika kozi ya cheti cha ufundi. Aliye chini ya hapo, hata mwenye E, ana kozi za fundi wa ngazi ya mwanzo. Mambo haya yako wazi kabisa kwa KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, lakini nimekutana na wazazi, tena wenye watoto wawili watatu shuleni, wanaoamini kwamba mwenye D hana chuo popote isipokuwa arudie mtihani. Kurudia si dhambi, na wako waliorudia wakafaulu. Ila mzazi aamue akijua kwamba mlango mwingine uko wazi, asiamue kwa kudhani umefungwa.

Sasa gharama. Kwa miaka kadhaa karo ya vyuo vya kiufundi vya umma ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, ambapo serikali ililipa 30,000 na mzazi 26,420. Mfumo mpya wa ufadhili wa mwaka 2023 ulipoingia, karo hiyo ikatajwa kuwa 67,189, nayo ikagawanywa kati ya ufadhili, mkopo na mchango wa nyumbani. Chuo kikuu nacho, mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alikuwa akilipa karo ya 16,000 kwa mwaka, chakula na malazi kando. Kisha zikaja bendi, familia zikapangwa kwa uwezo wao, na bei ya kila kozi ikaandikwa wazi, watu wakashtuka. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Sitawatesa na habari za mawakili. Mzazi wa Mashuuru ajue tu kwamba kiasi atakachoombwa mwaka wa kwanza huenda kisiwe kile cha mwaka wa tatu, na kwamba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na asiyelipa muda ukishafika hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Faini hiyo haiulizi kama umepata kazi.

Lakini karo ya karatasini siyo inayotusumbua sisi. Karo yetu ina miguu minne. Mzazi wa Nairobi akikosa mshahara wa mwezi mmoja, anaweza kukopa akingoja wa mwezi ujao. Mfugaji akipoteza ng'ombe, amepoteza karo ya mwaka huu pamoja na ndama ambao wangekuwa karo ya miaka ijayo. Tangu mwisho wa 2020 hadi mapema 2023 mvua ilitukwepa msimu baada ya msimu, misimu mitano mfululizo. Hapa Kajiado mizoga ilikuwa kando ya barabara, na ng'ombe aliyesimama aliuzwa kwa bei ya ngozi. Fikirieni mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa pili wa digrii ya miaka minne wakati huo. Alirudi nyumbani na nini? Kitambulisho cha chuo na deni. Vyuo vikuu vyetu havina desturi ya kutoa cheti cha nusu ya digrii. Mwenzake aliyeanza na kozi ya mwaka mmoja ya kufunga nyaya za umeme, kisha naye akakosa karo ya diploma, alirudi na cheti, na mkononi alikuwa na kazi ya kumtafutia nauli hata kama ni ya vibarua.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote kwa ufupi, na inatokana na ukame zaidi kuliko vitabu. Vitabu vya uchumi vingi huhesabu mshahara wa mtu baada ya kuhitimu. Havihesabu uwezekano wa kutohitimu. Kwa familia ambayo mali yake yaweza kufa katika msimu mmoja, hesabu hiyo ya pili ina uzito kuliko ile ya kwanza.

Na kuna ardhi. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Mnajua yaliyofuata, wengine wenu mlikuwepo. Vipande vikakatwa ploti za futi 50 kwa 100, na sensa ya 2019 ikahesabu watu 154,436 katika mji wa Kitengela. Waliouza hawakuuza wote kwa ulevi, kama tunavyopenda kusimuliana. Wengi waliuza kwa sababu ya hospitali na karo. Mimi simlaumu mzazi aliyeuza ekari ili mwanawe awe daktari. Ninalouliza ni kama aliyenunua cheo kwa ekari alielezwa kwanza kwamba kuna njia ambayo ingegharimu mbuzi.

Twende kwenye aibu.

Tunapenda kusema kwamba dharau ya kazi ya mikono ililetwa na Mzungu. Ni kweli kwa sehemu, nami nitafika huko, lakini tuanze nyumbani. Ilkunono, wahunzi wetu, ndio waliofua mikuki na sime za ilmurran, vijana wetu wapiganaji. Hakuna vita vilivyopiganwa, hakuna simba aliyekabiliwa, bila chuma kilichopita mikononi mwao. Na bado watu waliwaepuka, hawakutaka kuoa kwao wala kuwaoza binti zao, na jina lao likatumiwa kama tusi. Aliyetengeneza silaha alihesabiwa chini ya aliyeibeba. Silisemi hili kumuumiza mtu. Wako wajukuu wa ilkunono humu ndani na ni watu wa heshima zao. Nalisema kwa sababu mzee anayekunja uso mwanawe anapotaja kuchomelea vyuma, huenda hakufundishwa hivyo na Mzungu yeyote.

Sasa Mzungu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo James Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Ilipendekeza elimu ya Mwafrika ielekee kilimo, afya ya kijijini na kazi za mikono. Katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ikafungua Kabete chuo cha kuwafundisha Waafrika useremala, uashi na uhunzi. Kwa macho ya leo mapendekezo hayo yanaonekana ya busara. Lakini Mwafrika wa wakati ule aliona mtoto wa Mzungu akisomeshwa Kilatini na hesabu, wake akisomeshwa randa, na akaelewa kwamba randa ile ilikusudiwa kumweka mahali pake. Aliposhuku, alishuku kwa haki. Wazazi wa Kikuyu walioanzisha shule zao huru walitaka Kiingereza na vitabu kwa sababu vitabu ndivyo vilivyokuwa ufunguo wa ofisi, na ofisi ndiyo iliyotoa amri juu ya ardhi.

Kwa hivyo babu zetu waliokataa randa hawakuwa wajinga. Shida ni kwamba tumeurithi wasiwasi wao baada ya sababu yake kuondoka. Leo hakuna sheria inayomzuia mtoto wa Mashuuru mwenye C+ kusomea uhandisi. Akichagua kuanza na ufundi, anachagua mwenyewe.

Serikali zetu huru nazo zimeyumba. Baraza la Makanisa, wala si serikali, ndilo lililoanzisha politekniki za vijiji katika miaka ya 1960, likiona watoto wanamaliza darasa la saba bila kazi wala nafasi ya sekondari. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4 wenye masomo ya useremala, ushonaji na sayansi kimu. Wazazi wakachangishwa kujenga karakana, na katika shule nyingi karakana zikageuka stoo za mahindi. Kenya Polytechnic ya Nairobi, iliyofunguliwa 1961, na ile ya Mombasa zilikuwa mahali ambapo nchi hii ilipatia mafundi wake wa maabara, wa mitambo na wa ujenzi. Mwaka 2013 zote mbili zikawa vyuo vikuu kamili. Tukapiga makofi. Hata chuo cha ufundi kilionekana hakijafika mpaka kiitwe chuo kikuu! Miaka mitatu baadaye, 2016, serikali ikalazimika kupandisha vyuo vingine, Kabete, Nyeri, Meru, Kisii, Kitale na vingine, kuwa politekniki za taifa ili kuziba pengo. Ukitazama orodha hiyo utaona Kabete ni kilekile cha mkoloni.

Nisimame kidogo hapo Kabete, maana kuna mfano unaotuhusu zaidi kuliko wote.

Katika eneo la Kabete kuna taasisi mbili zinazofundisha afya ya mifugo. Moja ni kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako digrii huchukua miaka 5. Nyingine ni AHITI, ambayo kwa miaka mingi imetoa cheti cha afya ya mifugo baada ya miaka 2. Mhitimu wa ile ya kwanza tunamwita daktari. Wa ile ya pili tunamwita "daktari" vilevile akija bomani, kisha akiondoka tunasema, "Ah, huyu ni wa cheti tu."

Huyu wa cheti tu anafanya nini hapa? Chukueni ndigana kali, oltikana, ambayo huua ndama wetu kuliko fisi. Kuna chanjo yake iliyobuniwa na watafiti wa Muguga, hapo karibu na Kabete. Ni chanjo ya ajabu kidogo: ndama huchomwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo huchomwa dawa ya kuvizuia visimwelemee, akapata kinga ya muda mrefu. Chanjo hiyo hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji yenye baridi kali. Imefungwa katika mirija midogo, na mrija mmoja una dozi za makumi ya ndama. Ukishauyeyusha, una saa chache tu, kinachobaki kinamwagwa. Basi mtu wa kazi hii lazima awe amepita maboma siku kadhaa kabla, amewashawishi wenye ndama wachache wachache wakutane mahali pamoja asubuhi moja, amekadiria uzito wa kila ndama ili dozi ya dawa isizidi wala isipungue, ameweka alama sikioni, na amekusanya pesa bila kugombana na mtu. Akikosea hesabu ya ndama, hasara ni yake. Akikosea dozi, ndama anakufa mbele ya mwenyewe. Huyo ndiye tunayesema hakusoma.

Hapo hapo sitaki mtu aondoke akidhani digrii ni pambo. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka mwishoni mwa 2006 na kuendelea hadi 2007, iliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya, mbali na mifugo. Ugonjwa kama huo unahitaji mtu wa kusoma majibu ya maabara, kuamua soko gani lifungwe, kubishana na waziri kuhusu karantini, na kujua kwa nini mvua kubwa inaleta mbu wenye virusi. Hilo halifundishwi kwa miaka 2. Sheria ya mwaka 2011 inawatambua wote wawili, inawasajili kwenye bodi moja, na inataka wa cheti afanye kazi chini ya uangalizi wa daktari. Kaunti yenye madaktari kumi bila wasaidizi itakuwa na ripoti nzuri sana za vifo vya ng'ombe. Yenye wasaidizi mia bila daktari itachanja kwa bidii, hata ugonjwa usiofaa kuchanjwa.

Nimekaa sana kwenye ng'ombe, mnisamehe, lakini niko Mashuuru. Hospitalini mpangilio ni uleule: afisa wa kliniki husoma katika chuo cha tiba cha KMTC miaka 3 kisha mwaka mmoja wa mazoezi, daktari husoma miaka 6, na usiku wa manane katika zahanati ya mashambani unayemkuta ni wa kwanza au muuguzi. Umeme vilevile. EPRA, mamlaka ya nishati, hutoa leseni za mafundi kwa madaraja, kutoka C2 hadi A1, na mtu hupanda kwa masomo na kwa miaka ya kazi. Huko Kipeto, Kajiado Magharibi, kuna mitambo 60 ya upepo yenye uwezo wa megawati 100, inayozalisha umeme tangu 2021. Mhandisi alichora. Lakini mtambo ukikwama mtu hupanda juu ya mnara na mkanda kiunoni, na anayepanda aghalabu ni fundi wa diploma au cheti. Ninapenda vijana wetu wajue kwamba kazi hiyo ipo, kwa sababu kutoka barabarani mnaona mapanga tu yakizunguka.

Sasa nizungumze kwa upande wa pili, maana nikiishia hapo nitakuwa nimewauzia ufundi kama dalali wa ploti.

Takwimu za serikali zinasema mwaka 2024 uchumi wetu uliongeza ajira 782,300, na katika hizo 703,700 zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Wanasiasa husoma tarakimu hiyo kama ushahidi kwamba ufundi ndio wenye kazi. Mimi naisoma kwa hofu. Jua kali maana yake ni kulipwa leo na kukosa kesho, kukopwa na mwenye nyumba anayehamia kabla ya kumaliza deni, kuumia macho kwa cheche bila bima yoyote, na kufika miaka hamsini na mgongo umekwisha bila senti ya uzeeni. Anayempeleka mtoto kwenye ufundi kwa kudhani amekwepa tatizo la ajira hajakwepa kitu.

Vyuo vyenyewe navyo tusivipambe. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti politekniki za vijiji pamoja na elimu ya chekechea. Ni kusema kwamba kama chuo cha mafunzo kilicho karibu nawe kina mashine moja ya kuchomelea kwa wanafunzi wote, na umeme wa kuiwasha haujalipwa, usimlaumu Rais. Mwenye jukumu yuko Kajiado mjini, na mwakilishi wako wa wadi hupitisha bajeti yake. Nimefundisha umeme katika chuo kimoja cha kiufundi ambapo tulichora mota ubaoni kwa chaki kwa sababu mota halisi ilikuwa imefungiwa ofisini isije ikaharibika. Wanafunzi walifaulu mtihani. Walipokwenda viwandani kwa mazoezi walirudishwa kushika ufagio. Cheti cha namna hiyo ni karatasi sawa na digrii mbovu, ila kimegharimu kidogo.

Kwa upande wa digrii, yaliyotokea miaka ya karibuni mliyaona. Walimu wenye digrii walichukuliwa kama wanagenzi katika shule za sekondari msingi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kuanzia Machi hadi Mei 2024 madaktari waligoma siku 56, na mojawapo ya mambo makuu ya mgomo huo lilikuwa malipo ya wanagenzi, ambao serikali ilitaka kuwalipa 70,000 badala ya kiasi kikubwa zaidi walichokubaliana zamani. Kijana akaniambia, "Mwalimu, kama daktari anagoma, mimi nasomea nini?" Nikamjibu kwamba daktari anayegoma bado ni daktari, mgomo utaisha na leseni yake itabaki. Asichanganye hasira za mwaka mmoja na kazi ya maisha.

Kwa hiyo mwenye C+ ambaye moyo wake uko kwenye udaktari, sheria, uhandisi au ualimu wa sekondari, na alama za masomo yanayohitajika anazo, aende moja kwa moja. Asikubali mjomba amwambie digrii hazina faida siku hizi. Mara nyingi mjomba huyo ana watoto wake chuo kikuu. Katika kazi hizo njia ya kuzunguka ni ndefu na nyingine imezibwa. Ualimu ni mfano mchungu: TSC, tume ya walimu, hutazama alama zako za KCSE katika masomo mawili utakayofundisha, hata kama baadaye umepanda kutoka diploma hadi digrii. Kijana aliyepata D katika Hisabati anaweza kuzunguka miaka saba akarudi na digrii, na bado asisajiliwe kufundisha Hisabati sekondari. Ni heri kulijua hilo kabla ya kuuza ndama wa kwanza.

Uhandisi nao una bodi mbili, na wengi huzichanganya. Bodi ya Wahandisi husajili waliohitimu digrii inazozikubali yenyewe. Wenye diploma na vyeti, pamoja na wanateknolojia, wana bodi yao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ile inayoitwa KETRB. Kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, uliza: kozi hii inatambuliwa na bodi gani? Kama mtu wa ofisi ya chuo anababaika, toka nje. Kisha omba uonyeshwe karakana, uguse mashine, uone kama ina vumbi. Chuo kinachojivunia lango jipya na kuficha karakana kimekwisha kukujibu.

Kwa aliye na C- au C, mpango ninaoupendekeza ni diploma katika kazi ambayo Mashuuru, Kitengela na Athi River zinaihitaji: mitambo ya viwandani, pampu na visima, afya ya mifugo, umeme wa jua, upimaji wa ardhi. Viwanda vya saruji viko mlangoni kwetu, eneo la viwanda vya nguo na bidhaa za kuuza nje liko Athi River, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ina kituo chake hukohuko. Akimaliza, afanye kazi miaka miwili au mitatu, kisha arudi kwa digrii akijua anachotafuta, tena kwa pesa yake mwenyewe kwa sehemu. Ujerumani, nchi tunayoitaja kila tukizungumzia ufundi, ilikubali mwaka 2009 kwamba fundi aliyefikia daraja la umeista, yaani fundi mkuu, aingie chuo kikuu hata bila cheti cha sekondari ya juu. Kwetu vyuo vikuu kadhaa hupokea wenye diploma, ila kila kimoja kina masharti yake kuhusu masomo ya kuhesabiwa. Andika barua, pata jibu la maandishi, lihifadhi.

Na aliyekwisha jifunza kazi chini ya mti, bila kukanyaga chuo, asijihesabu nje. Mtihani wa ufundi wa NITA una gredi tatu, kuanzia ya III hadi ya I, na anayefanya kazi vizuri anaweza kuufanya bila kupitia darasa. Nawafahamu waashi hapa waliojenga nusu ya maduka ya sokoni na hawana karatasi hata moja, kwa hivyo kila tenda ya kaunti inapita mbele yao ikienda kwa mtu wa mbali.

Nina jambo la mwisho, na najua halitawafurahisha wote. Msichana akipata D, tunajua kozi atakayopelekwa kabla hajafungua mdomo: ususi au ushonaji. Mvulana mwenye D ileile anaulizwa anapenda nini. Sina ugomvi na ususi. Mjini unalisha watu. Lakini hesabuni saluni zilizo hapa sokoni, kisha hesabuni watu wanaoweza kufungua pampu ya kisima cha sola ikizima Jumamosi jioni. Nani huchota maji katika boma? Nani hutembea kilomita akirudi na mtungi mgongoni pampu ikiwa imekufa? Basi kwa nini fundi wa pampu awe lazima kijana wa kiume kutoka Machakos, anayekuja Jumanne akitaka nauli kwanza? Wazazi wenye binti waliofanya mtihani mwaka jana wabaki kidogo tukimaliza. Nimekuja na fomu, na mama mmoja ameniomba nieleze kwa Kimaasai mbele ya mumewe kwamba kozi ya pampu haihitaji misuli.